Rejista ya wahalifu wa ngono: nani aione?

Julai 1994, huko Hamilton, New Jersey, nchini Marekani, mtoto wa miaka 7 aitwaye Megan Kanka alibakwa na kuuawa na mwanamume aliyekuwa akiishi nyumba ya upande wa pili wa barabara. Mwanamume huyo alikuwa na hukumu mbili za nyuma za kuwashambulia watoto kingono. Wazazi wa Megan hawakuwa na habari. Walipokuja kulijua hilo, hoja yao haikuhitaji mwanasheria wa kuifafanua: serikali ilijua, wao hawakujua, na wao ndio waliokuwa na mtoto wa kumlinda. Kabla mwaka haujaisha New Jersey ilikuwa imepitisha sheria ya kuwaarifu wakazi, na Mei 1996 Rais Bill Clinton akatia saini sheria ya shirikisho iliyoyabana majimbo yote kufanya vivyo hivyo. Intaneti ilipoenea, taarifa zikahamia kwenye tovuti: jina, picha, anwani na kosa, wazi kwa yeyote mwenye simu mkononi.

Wazo hilo halikubaki Marekani. Nigeria ilizindua rejista yake ya wazi mwaka 2019. Afrika Kusini ina rejista kwa sheria ya mwaka 2007, ambayo umma hauruhusiwi kuisoma, na shinikizo la kuifungua limekuwa kubwa. Kila panapotokea ukatili unaotikisa nchi, swali hurudi: kwa nini majina yao yafichwe?

Mjadala huu huharibika mapema kwa sababu watu huchanganya mambo mawili. La kwanza ni usajili: aliyehukumiwa kwa kosa la kingono akitoka gerezani analazimika kuwaarifu polisi anakoishi, anakofanya kazi na anapohama, na taarifa hizo hubaki kwa polisi. California ilianza utaratibu huo mwaka 1947, na kwa miongo kadhaa hakuna jirani aliyeuona. La pili ni utangazaji, yaani kuchukua taarifa zilezile na kuzibandika mbele ya kila mtu. Unaweza kuunga mkono la kwanza ukalikataa la pili. Huko ndiko ninakoegemea, ingawa nina eneo moja ambalo ushahidi unanilazimisha kurudi nyuma, nami nitalifikia.

Nianze na upande ambao wasomi wengi huupita haraka. Hukumu ya jinai hutolewa mahakamani mbele ya watu, na si siri. Anayetetea tovuti anasema tu kwamba jambo lililokuwa wazi siku ya hukumu lisizikwe siku ya kuachiwa. Anasema pia kwamba mzigo wa hatari haugawanywi sawasawa: serikali ikikosea kumkadiria mtu, anayelipa ni mtoto. Na kuna jambo la heshima kwa walioumizwa. Kwa karne nyingi waliobakwa ndio waliofichwa na kusengenywa, huku waliowabaka wakitembea vifua mbele. Mwanamke aliyenyamazishwa miaka 20 anapoliona jina la aliyemuumiza limeandikwa na serikali mahali pa wazi, anapata kitu ambacho takwimu za urudiaji wa makosa hazikipimi. Siwezi kukidharau.

Lakini ahadi ya rejista ya wazi ilikuwa usalama, kwa hiyo ipimwe kwa usalama.

Msingi wa sheria hizi ni imani kwamba mhalifu wa ngono karibu kila mara hurudia. Mwaka 2002, katika kesi ya McKune dhidi ya Lile, Jaji Anthony Kennedy wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliandika kwamba kwa wasiopata tiba kiwango cha kurudia kosa kimekadiriwa kufika asilimia 80. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Smith dhidi ya Doe kutoka Alaska, mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba kuandikwa kwenye rejista ya wazi si adhabu, na hivyo sheria inaweza kuwarudia hata waliohukumiwa kabla haijatungwa. Watafiti walipoifuata ile asilimia 80 hadi chimbuko lake, waliikuta katika makala ya mwaka 1986 ya jarida la saikolojia linalosomwa na watu wa kawaida, iliyoandikwa na mtoa tiba, bila utafiti wowote nyuma yake. Takwimu za Wizara ya Sheria ya Marekani zilisema jambo jingine. Kati ya wanaume 9,691 walioachiwa mwaka 1994 katika majimbo 15, asilimia 5.3 walikamatwa tena kwa kosa la kingono ndani ya miaka mitatu. Ripoti ya mwaka 2019, iliyowafuatilia walioachiwa mwaka 2005 kwa miaka tisa, ilipata asilimia 7.7 waliokamatwa kwa ubakaji au shambulio la kingono.

Hapa wanaopinga rejista nao huteleza. Takwimu hizo zinahesabu waliokamatwa, na makosa mengi ya kingono hayafiki polisi kabisa. Anayesema "ni asilimia 5 tu, tulieni" anadai kujua zaidi ya kinachojulikana. Linalosimama imara zaidi ni kwamba hatari hupungua kadiri mtu anavyokaa uraiani bila kosa jipya. Kazi ya mtafiti wa Kanada Karl Hanson na wenzake inaonyesha kuwa baada ya miaka 10 hadi 15 ya namna hiyo, wengi wao hawana uwezekano mkubwa wa kutenda kosa la kingono kuliko mtu aliyewahi kufungwa kwa wizi. Rejista inayomweka mtu humo maisha yake yote inawapa polisi kazi ya kumlinda kila mtu dhidi ya mzee wa miaka 70 aliyekosa akiwa na miaka 25.

Swali zito zaidi ni hili: anayewadhuru watoto ni nani hasa? Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya mwaka 2000, iliyochambua matukio yaliyofikishwa polisi, ilionyesha kuwa katika makosa ya kingono dhidi ya watoto, mkosaji alikuwa mwanafamilia katika asilimia 34, mtu anayefahamika na mtoto katika asilimia 59, na mgeni kabisa katika asilimia 7. Utafiti mwingine wa jimbo la New York, uliopitia miaka 21 ya rekodi, ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 95 ya waliokamatwa kwa makosa haya hawakuwa na hukumu ya kingono hapo nyuma. Hawangeweza kuwa kwenye rejista yoyote. Kikulacho ki nguoni mwako, na tovuti hii inamfundisha mzazi kutazama dirishani.

Linaloniumiza zaidi katika suala hili huongelewa kidogo mno. Mhalifu akiwa baba, mjomba, kaka au baba wa kambo, kutangaza jina lake na kosa lake ni kumtangaza mtoto aliyeumizwa. Tovuti haiandiki jina la mtoto. Haina haja. Ikisema mwanamume fulani wa anwani fulani alihukumiwa kwa kumnajisi msichana wa miaka 9, majirani wanajua nyumba ile ina msichana gani wa miaka 9. Shuleni watoto wenzake watajua. Akiwa na miaka 30 bado ukurasa upo, na mtu anayetaka kumchumbia anaweza kuufungua usiku mmoja tu.

Sasa mfikirie mama aliyegundua. Ana mtoto anayelia, ana mume au kaka wa kumshtaki, ana ukoo mzima unaomwambia jambo hili limalizwe nyumbani. Hata pasipo rejista, wengi katika hali hiyo hunyamaza. Ukiongeza kwamba mashtaka yataiweka familia kwenye tovuti milele, umempa anayetaka kumnyamazisha sababu nyingine ya kumwambia. Hali kama hiyo hujitokeza hata mahakamani. Mwaka 2006 chama cha waendesha mashtaka wa Iowa kilionya kuwa masharti ya makazi yanayoambatana na rejista yalikuwa yanapunguza idadi ya washtakiwa wanaokubali makosa yao. Mshtakiwa asipokiri, mtoto hulazimika kupanda kizimbani na kusimulia yote. Waliosema hivyo ni watu wanaowafunga wabakaji kila wiki, si watetezi wa wafungwa.

Masharti hayo ya makazi yanastahili kusemwa kidogo, kwa kuwa ndiyo huzaliwa mara tu majina yanapokuwa wazi. Iowa ilipiga marufuku waliowaumiza watoto kuishi ndani ya futi 2,000, yaani mita zipatazo 600, kutoka shule au kituo cha kulelea watoto. Eneo la Miami-Dade likaenda hadi futi 2,500. Kwenye mji wenye shule kila kona, nyumba zinazobaki ni chache mno. Makumi ya watu waliishia kulala chini ya daraja la Julia Tuttle mjini Miami, kambi iliyodumu hadi 2010. Mtu asiye na anwani, asiye na kazi, asiyeruhusiwa kulala kwa mama yake, polisi watamfuatiliaje? Jimbo la Minnesota lilipima faida ya masharti haya kwa njia iliyo wazi: lilichukua watu 224 walioachiwa kati ya 1990 na 2002 wakarudishwa gerezani kwa kosa jipya la kingono, likachunguza kila kosa lilitokeaje, mkosaji alimpataje mwathirika na umbali gani kutoka kwake. Hakukuwa na hata kosa moja ambalo sharti la umbali lingelizuia. Mara nyingi mlango wa kumfikia mtoto ulikuwa uhusiano na mama yake. Iowa yenyewe ililegeza sheria yake mwaka 2009.

Ushahidi kuhusu rejista zenyewe unatenganisha yale mambo mawili niliyoyataja. Mwaka 2011 wachumi J. J. Prescott na Jonah Rockoff walichapisha uchambuzi wa data za majimbo 15. Usajili kwa polisi ulionekana kupunguza makosa dhidi ya watu wanaofahamika na mkosaji: ndugu, marafiki, majirani. Ni matokeo yenye mantiki, kwa sababu polisi wakijua nani yuko wapi wanaweza kumtembelea na kumkamata mapema. Utangazaji ulikuwa na sura mbili. Ulionekana kuwatisha baadhi ya watu ambao hawajaandikwa popote wasitende kosa, lakini kwa waliokwisha kuandikwa ulielekea kuongeza urudiaji. Maelezo ya watafiti ni kwamba aliyepoteza kazi, nyumba na marafiki kwa sababu ya picha yake mtandaoni haoni tena cha kupoteza. Utafiti wa Amanda Agan wa mwaka huohuo haukuona faida ya wazi ya rejista kwa usalama.

Kuna pia damu. Mwaka 2006 kijana kutoka Kanada aliingia jimbo la Maine, akachukua anwani kwenye tovuti ya jimbo na kuwaua wanaume wawili majumbani kwao usiku mmoja. Mmoja wao aliandikwa humo kwa sababu alipokuwa kijana alifanya ngono na mpenzi wake aliyekuwa hajatimiza miaka 16. Uingereza, Julai 2000, gazeti moja la Jumapili lilianza kuchapisha majina na picha za watu waliodaiwa kuwanajisi watoto, kufuatia kuuawa kwa mtoto Sarah Payne. Huko Paulsgrove, Portsmouth, umati ulizingira nyumba usiku baada ya usiku, na familia zisizo na hatia zikakimbia. Mtu asiniambie kwamba waliofanya hivyo ni wachache wasio na akili. Walikuwa wazazi wenye hofu yenye msingi, waliopewa majina bila kupewa jambo lolote la kufanya nayo.

Rejista pana pia hujaza majina ya wasiohusika na hofu iliyoizaa. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 2006 inawagawa watu katika ngazi tatu, miaka 15, miaka 25 na maisha, kwa kuangalia kifungu walichohukumiwa nacho. Haiulizi mtu huyu ana hatari kiasi gani leo. Inawabana hata watoto wa miaka 14 kwa makosa makubwa. Mtoto anayemdhuru mtoto mwenzake lazima azuiwe, na aliyedhuriwa ahudumiwe kwanza. Hata hivyo watoto wa namna hiyo ni kundi ambalo likipata tiba hurudia kwa nadra, na wengi hukua wakaacha. Picha ya mvulana wa miaka 14 kwenye tovuti inamfukuza shule, kisha kazini, kisha kwenye ndoa. Sijaona hoja inayonishawishi kwamba jambo hilo linamlinda mtoto mwingine yeyote. Na rejista ya Marekani sasa ina watu zaidi ya 700,000. Mzazi akifungua ramani akaona nukta 60 kuzunguka nyumba yake, ni ipi aiogope?

Na hapa ndipo ninapolazimika kurudi nyuma. Minnesota, jimbo lilelile lililoonyesha udhaifu wa masharti ya makazi, lilianza mwaka 1997 kuwaarifu wakazi kwa upana, lakini kuhusu waliopimwa na jopo na kuwekwa ngazi ya tatu peke yao, yaani wenye hatari kubwa zaidi. Polisi huitisha mkutano, humweleza kila aliyehudhuria mtu huyo ni nani, alifanya nini na aliwapataje waathirika wake, na hujibu maswali. Grant Duwe na mwenzake walipoupima utaratibu huo mwaka 2008 waliukuta umepunguza urudiaji wa makosa ya kingono. Kwa hiyo siwezi kusema kutangaza hakufai kamwe. Kulifaa pale ambapo waliotangazwa walikuwa wachache, walipimwa mmoja mmoja, na taarifa ilitolewa na afisa aliyesimama mbele ya watu.

Uingereza ilifika mahali pa kati kwa njia nyingine. Rejista yake, iliyoanza mwaka 1997, iko kwa polisi. Baada ya kilio cha mama yake Sarah Payne, kulianza mwaka 2008 majaribio ya utaratibu ambao ulienea Uingereza na Wales nzima kufikia 2011: mzazi au mlezi mwenye wasiwasi juu ya mtu fulani anayekutana na mtoto wake huwauliza polisi kuhusu mtu huyo. Polisi wakiona pana hatari, humwambia anayeweza kumlinda mtoto, kwa sharti kwamba asiisambaze habari. Hii inamfaa yule mama mwenye mchumba mpya, ambaye kwa ushahidi wa Minnesota ndiye anayehitaji kujua kuliko mtu yeyote. Ramani ya nukta 60 haimjibu swali lake. Walakini wake ni kwamba lazima awe ameshaanza kushuku, na lazima awaamini polisi kiasi cha kubisha hodi. Pasipo na imani hiyo, utaratibu huu hubaki kwenye karatasi. Kwa nchi yenye polisi wanaocheka wanaporipotiwa ubakaji, ningeanza kurekebisha hapo kabla ya kununua seva ya tovuti.

Kuhusu ajira sioni mjadala. Shule, kituo cha watoto yatima, klabu ya michezo au nyumba ya ibada inayomkabidhi mtu watoto ilazimike kisheria kumwangalia kwenye rejista kabla hajaanza kazi. Ndiyo kazi kuu ya rejista ya Afrika Kusini, na haihitaji umma kusoma jina hata moja.

Basi kama ningeulizwa na wabunge wanaotunga sheria hii, ningesema: rejista iwepo, ikae kwa polisi, iwe na waliohukumiwa tu na kamwe isiwe na watuhumiwa. Kila anayeingia apimwe hatari na apewe njia ya kuomba kutoka baada ya miaka kadhaa bila kosa. Watoto wasiwekwe. Mzazi apewe haki ya kuuliza na kujibiwa haraka. Umma uarifiwe kuhusu wale wachache wa ngazi ya juu, kwa mkutano, na pale ambapo mwathirika hatatambulika. Najua jibu la mzazi wa Megan lingeweza kuwa kwamba jirani yao, kwa hukumu zake mbili, angestahili kuwa miongoni mwa hao wachache. Nakubali. Utaratibu ambao haungemnasa mtu yule haungefaa kitu.

Lakini pesa na muda wa polisi vina kikomo, na hapo ndipo kesi ya Jacob Wetterling inaponisumbua. Sheria ya kwanza ya shirikisho ya usajili, ya mwaka 1994, ilipewa jina lake. Alikuwa na miaka 11 alipotekwa Minnesota, Oktoba 1989. Aliyemuua alijulikana mwaka 2016 alipokiri. Hakuwahi kuhukumiwa kwa kosa la kingono kabla ya utekaji ule, ila miezi tisa kabla yake alikuwa amemteka na kumdhuru mvulana mwingine katika mji wa karibu, na kesi hiyo haikutatuliwa. Rejista inayobeba jina la Jacob isingemwokoa Jacob. Mama yake, Patty Wetterling, aliyepigania sheria hiyo kwa nguvu zote, amekuja kusema hadharani kwamba sheria zilizofuata zimepita kiasi.

Mwaka 2009, katika ghala moja la polisi mjini Detroit, zilikutwa sampuli zaidi ya 11,000 zilizochukuliwa kwenye miili ya watu waliobakwa na hazikuwahi kupelekwa maabara. Zilipopimwa hatimaye, zilifichua watuhumiwa zaidi ya 800 waliohusishwa na ubakaji wa zaidi ya mtu mmoja. Wanawake hao walikuwa wamefanya yote waliyoambiwa wafanye: hawakuoga, walikwenda hospitali, walivumilia uchunguzi, waliripoti. Mbunge anayetaka kujenga tovuti ya majina ya waliokwisha kukamatwa aeleze kwanza sampuli zilizoko kwenye maghala ya nchi yake zimepimwa ngapi, na bajeti ya kupima zilizobaki iko ukurasa gani.